Waifai ya Marehemu

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Mwalimu Talib Badar amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha mama yake, hapa Konde, simu mkononi, akitazama maneno mekundu: NENO LA SIRI SI SAHIHI.

Aliandika tena. Yakaja tena.

Akaandika mara ya tatu, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, kama mtu anayetia saini hati ya shamba. Mekundu vile vile.

Talib akaketi kitako. Hakupiga kelele. Kelele zake zote alizimaliza Jumatatu, siku aliyosimamishwa kazi, na leo ni Alhamisi. Mwili ulikuwa umeshachoka hata kushtuka.

Kwa wale mliokosa gazeti la wiki jana, na nakujueni kuwa mnaazima la jirani, mambo yenyewe ni haya. Mtihani wa majaribio wa hesabu wa Kidato cha Nne ulivuja siku ya Ijumaa, saa saba kasoro dakika kumi za mchana, siku tatu kabla ya kufanywa. Maswali yalibandikwa kwenye tovuti moja ya wanafunzi, kila mwenye macho akayaona. Polisi walipofuatilia, njia iliwaleta kwenye mtandao wa nyumba moja tu. Nyumba ya Mwalimu Talib, na Talib ni mmoja wa walimu wawili walioutunga mtihani huo.

Afande Moza, mpelelezi kutoka Wete, alimpa mpaka alasiri ya leo aoneshe nani mwengine aliyekuwa akitumia mtandao wake. Asipoonesha, jalada linakwenda mbele na jina moja ndani yake, na miaka kumi na tisa ya ualimu inakwisha kwa aibu.

Sasa ilikuwa saa nane na robo.

Mtu atauliza, kwani huyu bwana hakuufunga mtandao wake? Aliufunga! Paswedi ya ruta aliibadilisha mara nne mwaka huu, na kila mara aliifanya ndefu kuliko ya mwanzo, mpaka mwenyewe ikawa anaisoma kwenye kijikaratasi. Kasoro ilikuwa ukutani, chumbani kwa mama yake. Ekstenda. Kile kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachochomekwa kwenye soketi kikauchukua mtandao wa ruta na kuusukuma mbele, mpaka barazani na nyumba za majirani.

Kilichomekwa pale mwaka juzi, kwenye msiba wa baba yake, Mzee Badar. Khitma ilisomwa nje chini ya turubai, na jamaa walioko Maskati wakataka kuifuata kwa video. Mtandao wa ruta haukufika turubaini. Ikaletwa ekstenda, ikaachwa wazi bila ya paswedi, maana ni nani anayetia kufuli matangani? Arubaini ikapita. Turubai likarudishwa, masufuria yakarudishwa kwa wenyewe, ekstenda ikabaki.

Aliyekataa itolewe ni mjane, Bi Nyange. Tena akataka ibadilishwe jina. Tangu siku ile, mtu akipita njiani kwao akafungua simu yake kutafuta mtandao, huona maneno haya: MUOMBEENI MZEE BADAR. Huunganisha, akasema Mungu amrehemu, akaendelea na video zake. Bi Nyange akikaa dirishani akizisikia hizo rehema moja moja, roho yake inatulia. Kwake yeye ile ni sadaka, inamfuata mumewe kaburini.

Basi ndiyo hivyo. Mwalimu wa hesabu ana makufuli manne mlango wa mbele, na mlango wa uani ameuegemeza jiwe.

Na lililomkalisha kitako leo ni kubwa zaidi. Ekstenda ina ukurasa wake wa mipangilio, na ukurasa una neno lake la siri, lile la kiwandani ambalo Talib hakuwahi kulibadilisha. Leo neno lile limekataliwa. Maana yake moja tu. Kuna mtu aliingia humo kabla yake, akabadilisha kufuli, akaondoka na ufunguo.

"Bonyeza, Talib," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa shemegi yake, Ridha, mume wa dada yake Asma. Ndiye yule mwalimu wa pili aliyetunga naye mtihani. Wiki nzima Ridha hakumwacha. Aliandamana naye kituoni, alimletea chai, alijibu simu za watu kwa niaba yake.

"Pana kitundu hapo chini," Ridha akaendelea. "Tia pini, shikilia sekunde kumi. Kitarudi kama kilivyotoka dukani. Utakitia paswedi mpya, utakifunga, mambo yamekwisha."

"Na orodha je?"

Ridha akakohoa. "Orodha gani?"

"Ridha, weye wajua orodha gani. Kidude hiki kinaandika kila simu iliyoingia na saa iliyoingia. Nikibonyeza pale, inafutika yote. Hata umeme ukikatika inafutika. Afande ntamwonesha nini, ukuta?"

"Sasa ndani huwezi kuingia, na hiyo orodha huioni. Bora ufunge mlango kuliko kukaa unautazama uko wazi."

Maneno ya Ridha yalikuwa na akili ndani yake, na Talib zake alihisi zimebaki kidogo. Tangu Jumatatu hajalala vizuri. Mkewe, Hamdiya, yuko kwao Wete na mtoto mchanga, bado hajamaliza arubaini, na kila jioni hupiga simu kuuliza habari za skuli, naye humjibu ni nzuri. Kudanganya nako kunachosha jamani.

"Mama," alisema, "niazime pini."

Bi Nyange alikuwa kitandani, amekunja miguu, tasbihi mkononi. Akachomoa pini kwenye ushungi wake, akampa. Kisha akauliza, "Ya kufanyani?"

"Nakizima kidude, mama. Halafu ntakiwasha upya."

"Na jina la baba'ako?"

Talib akaigeuza pini mkononi.

"Talibu, miye nakuuliza. Jina la baba'ako litabaki?"

"Litatoka, mama. Ntalirudisha."

"Lini? Ukishafungwa?" Bi Nyange akaitupa tasbihi juu ya mto. "Mwaka wa pili huno watu wamuombea. Leo weye mwanawe ndo wamfuta kwa pini yangu miye?"

Talib alitaka kumwambia mama yake kwamba ni hiyo hiyo sadaka iliyomfikisha hapa, kwamba mtu amejificha nyuma ya jina la marehemu ili amwangamize yeye aliye hai. Lakini mama hakuwa na kosa, na yeye hakuwa na nguvu ya kugombana na asiye na kosa. Angeweza kuuweka mtandao wa wageni kwenye ruta, peke yake, wenye paswedi yake, akampa mzee jina lake humo humo na nyumba ikabaki salama. Ni kazi ya robo saa. Miaka miwili alikuwa akisema kesho.

Aliinamisha kichwa, akalitafuta lile tundu.

"Ndo hapo hapo," Ridha alisema haraka. "Bonyeza."

Mkono wa Talib ukasita.

Sijui niseme nini kilichomsimamisha. Pengine ni ile haraka. Mtu aliyekaa naye wiki nzima kwa upole, leo sauti imemruka mara moja.

"Hapana," Talib alisema. Akairudisha pini kwa mama yake. "Ntamwita fundi wa Wete. Kwa muda wa saa moja atanifikia. Umeme usikatike tu."

Ridha akajifuta uso. "Haya. Kama waona hivyo. Nakwenda kunawa mikono."

Akatoka.

Bi Nyange akamtazama mwanawe. "Ushachoka, babaangu. Jilaze kidogo hapa, ntakuamsha."

Kitanda kilikuwa hapo, na shuka imetandikwa vizuri. Ningekuwa mimi ningejilaza. Talib alikuwa keshakaa ukingoni, keshavua kofia, aliposikia kitu kinalia koridoni. Kijimlango cha bati. Nyumba ile ina kijimlango kimoja tu cha bati, cha kisanduku cha swichi kubwa ya umeme.

Aliinuka. Hakukimbia, miguu haikuwa na mbio, lakini alifika.

Ridha alikuwa amesimama mbele ya kisanduku, kidole kiko juu ya swichi kubwa. Mikono yenyewe mikavu, haijaona maji.

"Toa mkono, Ridha."

"Nilikuwa natazama tu..."

"Toa mkono!"

Ridha akautoa.

Feni ya mama ilisikika chumbani, bado inazunguka. Adui angemstahimili. Huyu alikula naye sahani moja, Talib ndiye aliyesimamia harusi yake na Asma, na jeneza la Mzee Badar alilibeba upande wa kulia.

"Kumbe weye," alisema. Sauti haikupanda hata kidogo. "Wiki nzima waniletea chai, kumbe weye."

Ridha akakifunga kijimlango cha bati.

"Sema basi! Nimekufanyani miye?"

"Hujanifanya kitu."

"Paswedi ya ekstenda nani kaibadilisha?"

"Miye." Ridha alikuwa akitazama sakafu. "Jumapili. Nilikaa barazani, nikaingia kwa simu yangu. Neno la kiwandani kila mtu alijua, Talib. Nimetaka kuifuta orodha, haifutiki peke yake. Na ningekirudisha kidude kama kilivyotoka dukani, jina la mzee lingetoka, na mama angejua siku ile ile. Nikabadilisha kufuli, basi. Ya umeme nimeyasikia leo, kwako."

"Ukakaa unangoja nikifute mwenyewe."

"Ndiyo."

Talib akaegemea ukuta. Sasa alikuwa na mtu wake. Angemshika mkono, angempeleka kwa Afande Moza, angesema huyu hapa, nipeni kazi yangu nikalale. Ilikuwa imekwisha.

Ila haikuwa imekwisha, msomaji. Mwalimu wa hesabu hata achoke vipi, kichwa chake kinaendelea kupiga hesabu bila ya kumuomba ruhusa.

Ijumaa. Saa saba kasoro dakika kumi.

Saa hiyo hiyo khutba ilikuwa inaendelea. Talib alikuwa msikitini safu ya tatu, na ubavuni kwake alikuwepo Ridha. Alisinzia, mpaka Talib akampiga kiwiko. Na simu ya Ridha ilikuwa wapi? Ilikuwa mfukoni kwa Talib, maana kanzu ya Ridha ya Ijumaa ile haikuwa na mfuko, na walicheka kwa hilo walipokuwa wakitoka. Talib mwenyewe msikiti haukumsaidia, Afande alishamjibu kwamba mwenye mtihani huweza kumtuma mtu.

"Hukuwa weye," Talib alisema taratibu.

Ridha akainua uso. Macho yalikuwa mekundu.

"Hukuwa weye. Ulikuwa na miye msikitini. Basi wamficha nani?"

"Talib, nakuomba. Kwa haki ya mzee aliyelala kaburini kule Msuka. Nenda kabonyeze ile pini."

"Wamficha nani?"

Nje gari ilisikika ikipunguza mwendo. Mlango wa gari ukafunguliwa, na sauti ya Sheha Mabruki, kiongozi wa mtaa, ikapiga hodi kwa mbali, ile hodi ndefu ya mtu aliyekuja na wageni. Afande hakungoja alasiri.

"Nipe hilo neno la siri, Ridha. Sasa hivi. Au naita watu, natoka nao nje na nasema nimekukuta na mkono kwenye swichi."

Ridha naye, nadhani, akachoka. Siku tano za kubeba siri huku ukimpelekea chai unayemwangamiza si mzigo mdogo. Akasogea sikioni kwa Talib, akalisema.

Talib alirudi chumbani, Ridha nyuma yake. Akachuchumaa karibu na soketi. Akaandika. Ukurasa ukafunguka.

"Kimekubali?" Bi Nyange aliuliza.

"Kimekubali, mama."

Orodha ilikuwa ndefu kama ya waalikwa wa harusi. Mtaa mzima ulikuwa humo. Duka la Mabruki. Zulekha Maandazi. Simu ya Babu Usiiguse. Mmoja alijiita Mfalme wa Mgogoni, na Talib alimjua, ni kinyozi. Aliteremsha kidole. Jumatano. Jumanne. Jumatatu, siku aliyosimamishwa, baraza lilijaa, watu thelathini wamekuja kumpa pole na kuangalia mpira. Jumapili. Jumamosi.

Ijumaa.

Asubuhi simu nyingi. Kisha, adhana ilipokaribia, zikatoka moja moja, maana wanaume walikwenda msikitini na baraza likabaki tupu. Saa sita na dakika arubaini na nane ikaingia simu moja. Ikatoka saa saba kasoro dakika mbili. Kati yake hakuna nyengine.

Alilisoma jina mara mbili.

Asma Badar.

Dada yake wa pekee. Kila Ijumaa huja kumpikia mama, huiacha simu yake dirishani jikoni, na simu hujiunga yenyewe, haina haja ya kuombwa.

"Ni Maha," Ridha alinong'ona nyuma yake. Maha ni binti yao. "Keshafeli mara mbili. Safari hino akifeli, kasema haendi tena skuli. Asma kaikuta karatasi kwenye mkoba wangu, kaipiga picha. Alitaka kujibiwa maswali tu, ampe mtoto majibu. Hakujua kama ile tovuti kila mtu aiona. Wallahi hakujua. Mtandao alioutumia hakuufikiria, ni wa kwao, wa baba yake. Jumamosi usiku ndo kaniambia, analia."

"Na akaniacha miye."

"Miye ndo niliyemkataza asiseme. Nilidhani litapita. Mwanamke ana watoto wanne, Talib. Atafungwa."

Talib hakugeuka. Alitamani hasira ije, imsaidie kuamua. Haikuja. Kilichokuja ni huzuni, nzito, ya mtu anayeona kwamba hata akishinda ameshindwa. Asma alikuwa mdogo wake kwa miaka sita. Yeye ndiye aliyemfundisha kuhesabu, kwa kokwa za mabungo, uani huko huko.

Akitoka na orodha hii, dada yake anachukuliwa mbele ya watoto. Akiifuta, anachukuliwa yeye, na Hamdiya aliyeko Wete atayasikia kwa watu.

"Talibu." Bi Nyange alikuwa ameshateremka kitandani, anatafuta ndara zake. Masikio yake hayashiki minong'ono siku hizi. "Ushalipata jina?"

"Nimelipata, mama," Talib alisema. Lilimtoka tu. Alijibu kama alivyokuwa akimjibu tangu utotoni, bila ya kufikiri.

"Alhamdulillahi!"

"Mama, ngoja..."

Lakini mama keshatoka. Mtu hajui uzee unakozitoa mbio pale unapozitaka. Talib na Ridha walipofika ukumbini, Bi Nyange alikuwa barazani tayari, amesimama wima kama hajawahi kuumwa mgongo, na mbele yake yupo Afande Moza na jalada lake la karatasi, na Sheha Mabruki, na majirani waliokwisha kujaa. Majirani wa Konde hawahitaji kualikwa.

"Karibuni, karibuni," Bi Nyange alikuwa akisema kwa furaha. "Mlinijia kuno mkinambia mwanangu mwizi. Haya, leo sikilizeni. Mwanangu kalipata jina. Kidude cha marehemu kimemtoa huyo mtu, kimeandika na saa."

Watu wakanong'ona. Afande Moza akafungua karatasi, akatoa kalamu.

"Ni kweli, Mwalimu? Unalo?"

Talib alisimama kizingitini, simu ikiwa bado imewaka mkononi. Akatazama baraza lote, uso kwa uso, mpaka mwisho kabisa, kwenye ngazi. Asma alikuwa amefika. Alikuwa na jagi la maji na bilauri, anawamiminia wageni kama alivyofundishwa nyumba hii, na mkono wake ulikuwa umesimama nusu njia, maji yanamwagika kwenye viatu vya Sheha, na hakuna aliyemwambia kitu kwa sababu watu wote walikuwa wakimtazama Talib.

Bi Nyange akamshika mwanawe mkono, akamvuta mbele.

"Wasomee, babaangu," alisema. "Usimuonee haya mtu. Hata akiwa ni nani, msome jina lake."